Mwanamke Aliyekataa Kufungua Mlango

Alhamisi asubuhi Maman Berthe alikuwa jikoni kwangu, Berchem-Sainte-Agathe, Brussels, akinifundisha kwa mara ya mia kusonga bukari, ugali wa kwao, bila madonge, simu yake ikalia. Mikono ilikuwa na unga, basi akaiweka kwenye spika. Alikuwa Marie-Claire, binti mkubwa wa Donat. Donat alikuwa amefariki Jumapili iliyopita.

"Maman Berthe, samedi ku maziko utakuya, c'est normal," Marie-Claire alisema. "Lakini tafazali, hautasema kitu. Hakuna mambo ya kuchekesha. Hapa ni Belgique. Kutakuya bantu ba bureau yangu, hawatafahamu."

"Nitakuya."

"Na utanyamaza?"

"Nitakuya na kinywa yangu. Iko ku uso, siwezi kuiacha ku nyumba." Akakata simu kwa kiwiko.

Mimi naitwa Zaituni, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Nilifanya kazi na Berthe miaka kumi na miwili katika nyumba ya wazee, tukiwaosha na kuwalisha wazazi wa watu, na katika muda huo wote sikumwona akiambiwa nyamaza akanyamaza. Lakini siku hiyo alinawa mikono mara mbili, unga ukiwa umeshatoka. Nikamwambia asibishane na watoto wa Donat, aende akalie kimya kama waombolezaji wengine.

"Weye Zaituni, hauelewe," akasema. "Miye ni mutani yake. Donat ni wa ukoo wa mamba, miye ni wa samaki. Kwetu, mamba akikufa, samaki njo anakuya kumucheka pale pale ku sanduku. Batoto balie, mutani acheke. Nikinyamaza, nimemutupa sawa mbwa. Na yeye mwenyewe alinipa ile maneno: Berthe, nikitangulia, usinililie, unicheke."

Sasa niwaambie huyu Berthe ni nani, maana hakuna karatasi iliyowahi kuliandika jina lake, na jambo hilo linanichoma.

Mwaka 1969 alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, Lubumbashi. Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa wafanyakazi wa migodi, wanamuziki walipopumzika, Donat alipanda jukwaani kuchekesha watu. Aliigiza mume aliyechelewa kurudi nyumbani, na rafiki yake mmoja, mwanaume mwenye ndevu, alijifunga kitambaa kichwani akawa mke. Berthe alivumilia dakika tano, kisha akapaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi kwamba hakuna mwanamke duniani anayeongea hivyo. Donat akamwambia apande aoneshe. Akapanda. Yule mwenye ndevu hakukihitaji kitambaa tena.

Mchezo ulikuwa mmoja, wakaucheza kwa njia mia. Mume anabisha. Mke anauliza nani. Mume anasema ni miye. Hapo mke ananyamaza, kimya kirefu, mpaka watu wanaanza kucheka bila kuambiwa neno. Kisha anauliza: miye nani? Miye aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda misa, au miye mwingine? Mume anaapa, anaimba, anaisingizia mvua, anaomba kwa jina la mama mkwe. Mlango haufunguliwi. Haukufunguliwa hata siku moja.

Mwenye studio mmoja akawasikia, akawaita warekodi santuri. Studio yenyewe ilikuwa chumba chenye magodoro ukutani na maikrofoni moja katikati. Berthe ni mfupi, wakamsimamisha juu ya sanduku la mbao la samaki wakavu, na Donat akasema alhamdulillahi, samaki amerudi kwao. Wallahi neno hilo nimeliongeza mimi. Donat alisema kikatoliki. Sauti ya Berthe ilikuwa kali mno kwa mashine, wakamrudisha nyuma hatua mbili, yeye na sanduku lake. Hapakuwa na kukata wala kuunga. Mtu akikohoa, mnaanza upya. Siku moja walirudia mara ishirini na tatu kwa sababu ya jogoo wa jirani.

Mlango wa kubisha haukuwapo. Kwa hiyo Donat alipiga magoti chini ya maikrofoni, akanyoosha mkono nyuma, akabisha kwenye lile sanduku. "Miaka nane," Berthe huniambia, "ule mwanaume alinibishia chini ya miguu. Mpaka leo nasikiaka ku nyayo."

Santuri kumi na moja walizitoa. Zilipigwa kwenye baa na kwenye harusi, watoto wakazikariri kuliko somo la dini. Na kila lebo iliandikwa kwa jina la Donat la jukwaani: Tonton Mulango na Bibi Yake, yaani Mjomba Mlango na mkewe. Berthe aliuliza jina lake liko wapi. Mwenye studio akamjibu kwamba halikutosha kwenye karatasi. Jina lenye herufi sita!

Donat alioa, lakini hakumwoa Berthe. Alimwoa Marie-Jeanne, mwanamke mpole ambaye hata akiungua hapazi sauti. Maskini ya Mungu, kila alikopita watu walidhani ndiye yule wa kwenye santuri. Wauzaji wa mboga walimwogopa. Mashemeji walikuja kwake wakiwa wamejiandaa kwa vita. Baadaye kaseti zikaingia, santuri zikafa, Donat akahamia Brussels na familia yake, na Berthe akafuata miaka ya vita. Kila Jumapili wawili hao walikutana soko la Gare du Midi, wakagombana juu ya bilinganya mpaka watu wakawazunguka. Hapo hakuna aliyewarekodi.

Jumamosi nikampeleka Berthe Ganshoren kwa gari langu, kwenye nyumba ya mazishi. Alivaa kitenge cha samaki. Alikitafuta wiki nzima, na samaki wenyewe walikuwa wekundu, wakubwa kama mkono. Mlangoni tukapewa karatasi ya ibada yenye picha ya Donat, na chini yake: Tonton Mulango, aliyerekodi santuri kumi na moja pamoja na mke wake mpenzi, Marie-Jeanne.

Damu ilinipanda. Nataka kuwa mkweli: watoto wa Donat hawakudanganya. Walikulia huku, wakasoma lebo, wakaamini kilichoandikwa. Ila Donat, Mungu amrehemu, aliishi nao miaka yote hiyo akicheka tu bila kuwasahihisha. Hilo sijamsamehe. Berthe alisoma, akakunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba. Tukaketishwa safu ya mwisho.

Padri alipomaliza, Marie-Claire akasimama kando ya jeneza. Macho yamevimba, mgongo umenyooka. Akasema kwa Kifaransa kwamba sasa tutasikia sauti ya baba yao, na ya mama yao akiwa kijana. Akabonyeza simu. Spika zikakwaruza.

Ko, ko, ko.

"Nani?"

Niliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyonikemea Alhamisi juu ya madonge. Watu wa ofisini wakatabasamu kwa adabu wakimtazama Marie-Jeanne, naye akaangalia magoti yake.

Berthe akainuka, akashika fimbo, akaanza kutembea kati ya viti.

"Mufunge ile machine," akasema. "Mwenye sauti iko hapa."

Marie-Claire akamzibia njia. "Maman Berthe, tulisikilizana!"

"Weye njo ulisema. Miye sikukubali."

"Baba amekufa! Unataka bantu bacheke juu yake?"

"Ndiyo, mutoto wangu. Njo kazi yangu. Munataka sauti yangu, miye hamunitake? Basi muzike na disque, mubaki na disque. Lakini miye nitapita."

Spika ziliendelea: mume anaapa, mke anamhoji. Ndipo Marie-Jeanne akasema, taratibu sana, tukalazimika kuinama kumsikia.

"Marie-Claire, muache apite. Ile sauti haiko yangu. Cinquante ans, miaka makumi tano, bantu bananiogopa juu ya ile kinywa. Hata mama yangu aliniuliza, mutoto, juu ya nini haumufungulie bwana yako? Nimechoka kuibeba. Mwenyewe amekuya, achukue mali yake."

Marie-Claire akamtazama mama yake. Kisha akazima simu, akasogea.

Berthe akafika kwenye jeneza. Aliliangalia upande wa kichwa, akaliangalia upande wa miguu, kama mtu anayekagua bidhaa asiyoipenda.

"Mamba amekufa," akatangaza. "Samaki bote, mutoke! Leo tunaoga bila woga. Huyu alikula baba zangu, akakula bajomba, akabaki na njaa. Na muangalie anavyolala: mamba ndani ya sanduku. Miye nilisimama juu ya sanduku yangu miaka nane, sikuwahi kulala ndani!"

Mzee mmoja wa Likasi, mji wa kwao, akaachia kicheko. Kikawashika wenzake, kikapanda safu kwa safu. Watu wa ofisini hawakufahamu neno, wakacheka kwa kuambukizwa. Marie-Jeanne alijifunika uso kwa leso, mabega yanaruka, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake toka mbali. Hata padri alicheka.

Berthe akangoja kicheko kipungue. Akainama, akabisha kwenye mbao.

Ko, ko, ko.

"Donat. Fungula. Leo ni miye niko inje."

Akatega sikio. Alikaa hivyo kimya, kimya kile kile cha kwenye santuri, ambacho yeye ndiye aliyekuwa akikitoa. Watu wakacheka tena kidogo. Halafu hakuna aliyecheka. Aliendelea kungoja, sikio juu ya mbao, na mimi huku nyuma, niliyesema sitamlilia mtu aliyenikera, nilikuwa natafuta leso.

"Bon," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo maikrofoni ile isingeinasa. "Disques kumi na moja, sikukufungulia. Na weye leo haunifungulie. Tuko sawa, ndugu yangu."

Akalipigapiga jeneza kwa kiganja, akageuka, akaomba kiti. Marie-Claire ndiye aliyemletea.