Malenge Yangu Yalipovuka Mpaka

Mzee wetu aliponunua redio mpya hakuiweka kwangu, mimi mke wa kwanza, niliyekuja naye hapa Bahati pakiwa majani matupu. Aliiweka kwa mke wa pili. Chai yake ya asubuhi nayo ikahamia huko.

Mimi nilisikilizia uani kwangu, nikichambua maharagwe. Siku hizo habari ilikuwa Urusi na Ukraine tu.

"Urusi inasema pale kuna watu wake," mzee akaeleza.

"Na Amerika je, Baba?" mke mwenzangu akauliza kwa sauti laini, kana kwamba hajui.

"Amerika inatuma silaha. Hawa wakubwa wakishindana, anayeumia ni mwenye shamba."

Mimi hajawahi kunieleza habari za vita hata siku moja.

Sasa, kati ya shamba langu na la mwenzangu kulikuwa na kipande ambacho mzee hakukigawa. Alisema ataamua akizeeka. Ameshazeeka, na kila mmoja wetu alikihesabu chake. Nikapanda malenge mpakani, upande wangu kabisa, nikaachia mvua kazi. Mwezi haujaisha yalikuwa yametambaa hadi katikati ya kile kipande.

"Dada mkubwa, malenge yako yamevuka," mwenzangu akaniambia.

"Malenge yangu yanaishi hapo. Kasikilize redio."

Akacheka, akaenda zake. Nilingoja ayang'oe nimshtaki. Kila asubuhi nilikagua mashina, nikayakuta yote. Nikajiona nimeshinda.

Jumapili moja, baada ya kanisa, mzee akaja kwangu na fimbo yake. Nikapangusa kiti haraka, nikabandika maji ya chai.

"Mama, kile kipande nimeamua," akasema. "Nampa mwenzako. Anajua kukitumia. Amekuwa akinipikia mukimo, viazi vya kupondwa na majani ya malenge, laini, hata meno yangu haya yanaweza."

Nilitoka hadi shambani, nikainama safari hii, nikaangalia vizuri. Mashina yalikuwepo, ndiyo. Lakini majani machanga yalikuwa yamechumwa yote kwa ustadi, ncha baada ya ncha. Nilikuwa nimeachiwa makubwa yenye manyoya yanayokwaruza koo. Malenge niliyoyatuma yanitwalie shamba yalikuwa yanamlisha mume wangu kwa mwenzangu.

Niliporudi alikuwa bado kitini.

"Chai iko wapi?"

"Iko kwa redio," nikamwambia.

Akainuka, akaenda kweli.