Kima Tamu Isiyofunguliwa

Harufu ya mafuta ya figo ya ng'ombe yakiyeyuka polepole sufuriani haina ndugu. Hushika mapazia, hushika nywele, huingia hata kwenye sare za shule zilizokwisha kupigwa pasi. Nilikulia ndani ya harufu hiyo, katika fleti ya zamani huko Al Baraha, Dubai. Familia yetu ya Wakenya ilipanga chumba kimoja, na Bi Salma, mjane wa Kizanzibari, alipanga cha pili, jiko likiwa letu sote. Joto lilipoanza kulegea na watu wakaanza kufungua madirisha jioni, Mama alipika kima tamu ya kujazia pai za Krismasi. Wengi hukumbuka utoto wao wakatabasamu. Mimi nikiukumbuka msimu wetu wa mwisho pale, hukaza meno.

Kima hiyo ilitoka kwa Cucu, bibi yangu mzaa mama, aliyeipokea kwa mama yake, mpishi wa nyumba ya wazungu kwenye mashamba ya chai. Haikuandikwa popote, ilikuwa mikononi mwao. Nyama ilichemshwa hadi ikalainika, ikakatwakatwa kwa kisu, kamwe si kwa mashine, kisha ikachanganywa na mafuta ya figo, tufaha, zabibu kavu, maganda ya machungwa, sukari guru, mdalasini, kungumanga na karafuu. Wazungu walitia pombe kali. Mama, kwa heshima ya Bi Salma ambaye sufuria zake zilikaa rafu moja na zetu, alitia siki na maji ya ukwaju. Bi Salma naye alitoa karafuu zake mwenyewe, akidai kuwa za dukani zimekufa, lakini hakuacha utani.

"Hebu nambie, Mama Wanjiru, nyama na sukari wapi na wapi?"

"Ngoja Krismasi, Bi Salma. Utakuja kuomba ya pili."

Huko kungoja ndiko kulikokuwa sheria. Kila aliyelala nyumbani alikoroga mara moja, mdogo kuliko wote akitangulia, huku akiomba jambo moja moyoni. Kisha kima ilitiwa kwenye chupa, vifuniko vikafungwa kwa kitambaa cheupe, zikalazwa kwenye droo ya chini ya friji hadi mkesha wa Krismasi, ili ukali wa karafuu utulie na nyama isahau kuwa ilikuwa nyama. Anayefungua kabla ya siku, Cucu alisema, anaifukuza sikukuu. Mwaka ule mdogo wangu Kibe aliomba baiskeli, akatamka kwa sauti, tukamcheka. Mimi niliomba kitanda cha peke yangu. Sikuwaza kuomba tubaki pale. Nani huomba kitu alicho nacho?

Haukupita muda, Baba akarudi nyumbani mchana. Alikuwa mtunza stoo katika ghala la vipuri Deira, na arbab wake, yaani tajiri mwenye ghala, alikuwa amefunga biashara. Viza zetu sote zilining'inia kwenye kazi ile moja. Baba akaanza kuzunguka akitafuta kafeel mwingine, mtu wa kumwajiri na kumdhamini, akirudi kila jioni na shati limelowa jasho na jibu lile lile: "Inshallah." Kila siku alilisema kwa sauti ndogo zaidi. Muda wa viza ulipokaribia kwisha, alisimama mbele ya friji.

"Mama Wanjiru, fungua tule na watoto. Khalas, yamekwisha, Krismasi haitatukuta hapa."

Mama alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Hatufungui. Tukifungua, tumejifukuza wenyewe."

"Si tumeshafukuzwa!"

"Subira huvuta heri, Baba Wanjiru."

Droo ikabaki imefungwa. Nilikuwa upande wa Mama, na nilimchukia Baba kwa kukata tamaa. Leo naona kuwa ni yeye peke yake aliyetaka tuonje jasho letu kabla hatujatolewa mlangoni. Mama aliamini kwamba ukitii vya kutosha, nchi itakuonea haya. Nchi haimwonei mtu haya.

Tuliondoka Desemba ikiwa bado changa. Masanduku yalikuwa yamejaa, na Mama aliogopa chupa zingepasukia nguo, akamkabidhi Bi Salma. "Usizifungue mpaka turudi," alimwambia, na Bi Salma akaitikia huku analia. Krismasi ilitukuta Kenya kwa Cucu, tukala chapati na mchuzi kama majirani. Hakuna aliyetaja kima. Baba hakupata tena kazi ya maana, na Mama hakuipika tena kima tamu hadi anakufa.

Nami nimerudi Dubai mtu mzima. Napokea wageni hotelini, na ninaishi Rashidiya na mume wangu na binti yetu. Mtu wa kwanza niliyemtafuta alikuwa Bi Salma, bado yuko fleti ile ile, macho yamefifia. Miaka yote nilijifariji kwamba walau yeye alikula, kwamba kuna mtu aliyeomba ya pili. Alinishika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Nilizitunza mpaka friji ikaharibika. Nikazikuta zimeota ukungu, nikazitupa. Sikuonja hata kijiko. Mamaako alinambia nsifungue mpaka mrudi."

Nilimwambia hana kosa, na ni kweli hana. Lakini nilishuka ngazi zile nikiwa na hasira na Mama, na Cucu, na kila aliyenifundisha kungoja. Subira huvuta heri, wanasema. Yetu ilivuta ukungu.

Siku hizi napika kima tamu kila mwaka joto linapolegea. Binti yangu ndiye anayetangulia kukoroga, na jioni ile ile tunajaza pai na kuzila zikiwa moto, maana viza yangu nayo imening'inia kwenye kazi moja. Karafuu inachoma ulimi, siki inapanda puani, nyama bado ni nyama. Si ile ya Cucu hata kidogo. Binti yangu hulamba vidole na kuomba ya pili. Anadhani hiyo ndiyo ladha ya kima tamu.