Treni ya mu Tele Ilisimama pa Daraja

Sikia, ndugu yangu. Juzi niko pa meza yangu mu soko, minatengeneza matelefone ya bantu, kazi yenye nilijifunza na macho tu, petit moja, kijana wa pale soko, akaleta yake. Mule ndani alitia michezo ya zamani. Ninafungula moja, nasikia filimbi ya treni. Mikono ikasimama.

«Ile, yaya, kaka yangu? Muchezo ya bazee. Futa tu.»

«Nifute? Nitakufuta weye kwanza!»

Soko yote ikageuka.

Usinicheke. Ile muchezo ilikuwa na sehemu tatu, na leo hakuna muntu anaikumbuka. Mashiniste wa ndevu nyeupe anapitisha treni mu mapori, mawe inaanguka, banyama banatoka mu muchanga, bapasaje banalia ku madirisha. Sehemu ya pili njo ilitulea. Maandishi ilikuwa ya Kichina ao ya wapi, hatukusoma hata moja.

Tulikuwa tunachezea kwa mama jirani, pembeni ya gare, stesheni ya treni. Alikuwa na groupe, ile mashine ya essence, mafuta ya gari, ya kutoa courant ya umeme. Bantu bakileta telefone kuchaji, anawashia batoto tele, ile televisheni yake. Kulipa ilikuwa maji: bidon moja ya njano, mashiniste anapata maisha tatu. Nilibeba maji mpaka shingo ikakuwa mufupi! Nyumba inanuka essence na mikate ya mafuta yenye alikuwa anakaanga pa mulango, na manette, kale ka kuchezea ka mu mukono, inatereza mu vidole. «Mupanguse mikono, banyama!» njo wimbo yake kila siku.

Sasa, pa daraja moja ya murefu, treni ilikuwa inasimamaka. Katikati kabisa. Mashiniste mukono juu, hatikisike, muziki inarudilia ting-ting-ting. Na sisi tunapiga makofi! Muchezo imeisha! Weye wa fasi ingine utashangaa, lakini sisi treni ya kweli tuliijua: inakufa panne, inaharibika, mu pori njia ya Luena, bantu banapika bukari, ugali wetu, pembeni ya reli siku na siku. Nkambo yangu, mama ya mama, alikuya siku moja kuniita, akaona ile tele, akakaa chini. «Balibeba chakula?» Njo vile. Kwetu ile ilikuwa mwisho ya kweli.

Rafiki yangu wa roho alikuwa mutoto ya askari. Balitoka Kinshasa, Swahili yake ilikuwa bado inachechemea. Bidon tulikuwa tunabeba bawili, fimbo pa mabega. Muchana moja treni ikasimama, batoto yote makofi, yee hapige.

«Haiishe, ndeko, ndugu yangu. Ni sidi ya muchezo iko na mikwaruzo. Treni gani inamalizia pa daraja?»

«Treni ya kwetu!»

«Ya kwenu inakufa, njo hata muchezo yenu inakufa.»

Batoto bakacheka. Moto ikanipanda. Mimi muntu akitukana kintu yangu, siulize mara mbili. Nikamusukuma, kamba ya manette ikamushika muguu, mashine ya muchezo ikaanguka, pa! Mama jirani akaingia na kijiko ya mafuta mu mukono.

«Nani?»

Rafiki akaniangalia. Akasema: «Ni minyi, mama, ni mimi.»

Na minyi nikanyamaza. Minyi mwenye kusema kupita redio! Mama jirani akamukataza kukanyaga pale. Haya ikanikamata, nikamukimbia yee pia, maji kila muntu anabeba yake. Kisha baba yake akapata mutation, bakamuhamisha kazi, bakapanda lori na magodoro yao. Nilibakia nyuma ya ukuta, ninasikia tu moteri inaenda.

Juzi ile, mu telefone ya petit, nikacheza mpaka pa daraja. Treni ikapita. Rafiki yangu alisema kweli, ndugu yangu! Ngambo kuko gare kadogo, mashiniste wa pili, kijana, anangojea. Écran, kioo ya telefone, ikajigawa mbili: kuanzia pale muchezo ni ya bantu bawili. Petit akanyoosha mukono, acheze yule wa pili. «Acha,» nikamuambia.

Jioni nikaenda kwa mama jirani. Groupe iliuzishwa zamani, fasi ya tele ameweka magunia ya mahindi. Nikamuambia: «Mama, ile mashine ya muchezo, minyi njo niliivunja, hapana yee.» Akaniangalia sana. «Mashine gani, mwana?» Nikamuelezea tena. Kintu hakumbuke. Akanipa mukate, akaniuliza kama nilioa.

Nkambo alishakufa, batoto ya avenue, mtaa yetu, balisambaratika. Na bale balitengeneza ile muchezo baliishia pa sehemu ya tatu, bakanyamaza. Basi, benye kuitengeneza, munisikie: muirudishe! Muitie mu matelefone yote, mpaka ku kambi kule baba ya rafiki yangu alitumwa. Mu dunia hii kuko muntu moja anaweza kuniambia «nilikuambia», na sina njia ingine ya kumuita.