Madoa ya Oili Langoni kwa Mama Mkwe

Nayden alikuwa dereva wa trekta aliyestaafu, mtu mnene na mpole, mbishi kwa mambo mawili tu: gari lake na mama mkwe wake. Gari alilitetea. Mama mkwe, Bibi Vasilka, hakuwa amemsemesha tangu siku ya harusi, pale Nayden aliposema mbele ya wageni kwamba supu yake haina chumvi. Kijiji kizima tuliujua ugomvi huo na tuliuheshimu.

Theluji ilipoyeyuka, gari likaanza kuvuja oili. Si kwa kutisha. Tone hapa, tone pale, popote lilipoegeshwa. Mkewe Stanka, anayesugua ua wake kila Jumamosi kana kwamba askofu anakuja, alitaka litengenezwe mara moja. Nayden akalipeleka gereji kwa Gancho. Gancho akaingia chini ya gari, akakaa huko mpaka tukadhani amesinzia, kisha akatoka na kueleza kwamba sili ya nyuma ya injini imechakaa. Ni kipande cha mpira tu, ila kukifikia lazima ashushe giaboksi.

"Gari lingekuwa lako ungefanyaje?" Nayden akamuuliza.

"Ningeongeza oili na kunyamaza. Wewe pima kila wiki, mzee. Likizidi, hapo ndipo tuongee."

Nayden akarudi nyumbani amefurahi, Stanka akanuna. Ikawa mke anasema tengeneza, mume anasema ongeza.

Kisha Stanka akampelekea mama yake miche ya nyanya, kule mwisho wa kijiji, na mbele ya lango akakuta madoa ya oili. Mengine yamekauka, moja bado linang'aa. Jikoni kulinukia sarmi, nyama na mchele vilivyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, na mezani kulikuwa na sahani mbili chafu. Mama akasema zote ni zake.

Jioni Stanka akamwambia mumewe kwamba amefikiri sana, Gancho ana akili, gari waliache lilivyo. Nayden akaweka kijiko chini. Mchana huo Bibi Vasilka alikuwa amempigia simu, akasema neno moja tu, "Madoa," akakata.

"Hapana," Nayden akasema. "Litengenezwe."

"Si tone dogo tu, baba Kalina? Wewe mwenyewe ulisema."

"Sikuwa nimefikiria ndege."

"Ndege gani?"

"Hawa wa uani. Wanaweza kuinywa."

Gancho akaagiza sili. Kabla haijafika, Nayden akaaga kwamba anakwenda kuvua samaki, akasahau ndoano. Stanka akasubiri kidogo, akamfuata kwa miguu. Gari alilikuta nyuma ya banda la kuku la mama yake, limetandikiwa boksi chini, na mwenyewe jikoni, kitambaa shingoni, mashavu yamejaa.

"Miaka yote hii nakupikia," Stanka akasema.

"Na miaka yote hii nakula, mama Kalina. Nimewahi kubakisha?"

"Mimi siongei naye," Bibi Vasilka akajitetea. "Anakula tu, anaondoka."

Na ilikuwa kweli. Majira yote ya baridi walikuwa wamekaa meza moja kimya, mama mkwe akiuliza kwa kuinua upawa, mkwe akijibu kwa kusogeza sahani.

Stanka alitaka kugomba zaidi, lakini alikuwa ametembea mbali na ana njaa. Akaketi, akala, akaongezwa. Kilichomuudhi kuliko uongo wote ni kwamba sarmi zile zilizidi zake kweli, na mama hakuwahi kumwambia kwamba chini ya sufuria huwekwa mbavu za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi.

Uamuzi wa gari ulipitishwa hapo hapo, na aliyeupitisha ni Stanka: livuje, ajue mumewe anakula wapi. Gancho akairudisha sili dukani akilalamika. Siku hizi Nayden hutembea na galoni ya oili kwenye buti ya gari na hupima kila Jumapili kabla ya kanisa.

Bibi Vasilka bado hamsemeshi. Juzi niliwaona sokoni: alimkabidhi mkwewe sufuria iliyofunikwa huku akitazama upande wa pili, naye akaipokea huku akitazama mbinguni.