Mbio za pikapu za chumvi Bwera: nani alikuwa mbele?

Wakuu, nawasalimu. Mimi ni bibi wa watu hapa Bwera, mpakani na Kongo. Shule niliacha mapema, kwa hiyo msinisahihishe maandishi. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini apite.

Juzi kijana mmoja aliandika humu eti mbio za magari ni mambo ya Kampala. Wewe kijana, sisi tulikuwa nazo.

Nyuma ya soko kulikuwa na kiwanja kidogo cha udongo mwekundu. Magari yalikuwa ya kazi, pikapu zilezile zilizobeba chumvi kutoka ziwa la Katwe. Jumapili wanashusha mzigo, wanafunga milango kwa kamba, wanazunguka.

Ukivunja gari, Jumatatu familia inakuangalia tu.

Mzee wangu, Hajji, alikuwa dereva wa chumvi. Hakuwahi kumshinda Papa Kambale, Mkongomani wa Butembo, muuza vitenge. Huyo alitoka misa na shati jeupe, moja kwa moja kwenye usukani.

"Hajji, leo tena utakula vumbi yangu!"

"Washa gari, wacha kuhubiri."

Kumwagia kona maji ilikuwa kazi yetu sisi wake wa madereva. Jua likawaka, vumbi likarudi. Basi tukaleta maji ya chumvi ya Katwe kwa jeriken. Vumbi likalala kabisa! Wanaume wakatusifu.

Jumapili iliyofuata, mzunguko wa mwisho, mzee wangu akawa mbele. Mbele kabisa! Nilisahau heshima yangu, nikapiga vigelegele.

Akaingia kwenye kona, akakuta ng'ombe wamejaa, wanalamba ile chumvi yetu.

(Chekeni tu. Hata sisi tulicheka, lakini baadaye.)

Akafunga breki. Papa Kambale nyuma yake naye akafunga.

"Hii haihesabiwi, Hajji! Tutarudilia dimanche."

Hiyo dimanche, Jumapili yake, haikufika. Vita ya kwao ilimzuia kuvuka, na kiwanja kikajengwa maduka. Lakini mzee wangu alingoja. Miaka yote, Jumapili akisikia gari linanguruma, anatoka nje kuangalia.

"Nilikuwa mbele, Mama Asha. Uliona?"

Niliona. Ila mimi ni mke wake, ushahidi wangu haukumtosha. Mwaka jana akafariki.

Mwezi uliopita Papa Kambale alikuja kunipa pole. Amezeeka, anatembea na fimbo. Akakaa, akasema:

"Mama Asha, ile siku Hajji alikuwa mbele. Hata bila ng'ombe singemupata."

Nikamuuliza, "Mbona hukumwambia mwenyewe?"

"Ningekubali, angeacha kuningojea."

Nilitaka kumfukuza, wakuu. Nikaenda kuchemsha chai.

Nililojifunza ni hili: mtu akikushinda, mwambie akiwa bado anasikia.

Sasa kama kuna mwenzetu alisimama kwenye ile kona, aandike hapo chini. Pole sitaki. Nataka mtu aseme tu kwamba na yeye alimwona, yuko mbele.