Walitaka chungu yangu ikae kwa boksi, nikakataa

Wakuu, salamu kutoka Amagoro, hapa karibu na Malaba.

Mimi ni nyanya ya watu wengi. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo makosa ya kuandika mtameza tu. Lakini uwongo hamtapata hapa.

Niko na chungu. Ilikuwa ya mama ya bwana yangu. Tunaweka ajon ndani, pombe ya wimbi ya sisi Wateso, tunamwaga maji moto, watu wanazunguka na mirija mirefu.

Lakini kazi yake kubwa si ulevi.

Mtoto akizaliwa kwetu, nachovya kidole kwa hiyo chungu, naweka kwa mdomo yake, tone tu, naita majina ya wafu wetu moja moja. Ile jina itafanya anyonye kidole, hiyo ndio yake.

Sasa.

Kijana wangu wa mwisho, Ekisa, alileta watu wa museum. Si museum ya nyumba na geti. Hii iko kwa mtandao. Wanapiga kitu scan pande zote, halafu mtu akiwa Nairobi ama ng'ambo anavaa miwani kubwa kama ya fundi wa kuchomelea, anaona chungu kama iko mbele yake.

Nikasema sawa. Mimi siogopi simu, hata huu uzi naandika mwenyewe.

Shida ilikuja wakimaliza. Msichana wao, mpole sana, akaniambia, "Tata, hii chungu iko na ufa. Isiguswe na maji tena. Tutaiweka kwa boksi, iende store yetu ikae salama."

Tata ndio nyanya kwa Kiteso. Alijua kuniita vizuri, hiyo nampa.

Na mtoto ya Ekisa alikuwa amelala ndani, bado hana jina.

"Huyu mtoto nitachovya kidole wapi? Kwa simu?"

Ekisa akaingilia. "Mama, si tutumie sufuria?"

"Wewe jina yako ilitoka kwa sufuria?"

Akaingia ndani kuangalia mtoto.

Msichana akasema, "Lakini tata, ikipasuka itakuwa imeisha kabisa."

"Ikipasuka ikiwa kazini, tutalia. Wewe ukiolewa utafungia bwana kwa boksi ndio asizeeke?"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamwambia, hata scan yako si ya ukweli. Umepiga chungu tupu, imelala kwa kitambaa nyeupe kama maiti. Rudi Jumamosi upige ikiwa na watu.

Alirudi.

Wazee wakashika mirija, na yeye akapewa wake. Badala ya kuvuta, akapuliza! Ajon ikatoa mapovu. Mzee mmoja akafoka, "We dada, unapikia nani?"

Nikachukua mtoto. Kabla niite majina nikamwambia msichana azime sauti.

"Kwa nini tata?"

"Picha chukua. Majina ya wafu wangu hayaendi kwa mtandao yachezewe na mtu sijui."

Akazima. Chungu ilivumilia, na ufa yake. Mtoto akanyonya.

Juzi waliniletea ile miwani. Nikaona chungu, nikaona wazee, nikajiona mimi na mtoto, mdomo yangu inaenda bila sauti. Nikanyoosha mkono nishike.

Hewa.

Nikaivua, nikaenda jikoni nikashika ile yangu. Baridi, na harufu ya wimbi.

Lakini chini ya picha wameandika vile niliwaambia: Bado inatumika, iko kwa mwenyewe.

Wakuu, hizi museum za mtandao zikuje, sina vita nazo. Wapige picha mpaka wachoke. Lakini kitu kikiwa na kazi nyumbani, kisitolewe kazini ndio kiitwe cha maana.

Nyinyi mlitoa vitu vya nyanya zenu, viko wapi leo? Semeni hapa chini. Na kama unaona nilikosea, sema pia, nitakujibu.

Najua kuna mtu atauliza mtoto alinyonya jina ya nani.

Hiyo haiko hapa. Kuja Amagoro, ukae chini, ushike mrija. Na usipulize.