Makumbusho ya Akinyi kule Magunga

Sikwenda Magunga kutalii. Nilikwenda kutafuta makosa. Akinyi, niliyemfundisha historia hapa Migori, alikuwa amefungua makumbusho huko alikoolewa, na kila aliyeyaona alirudi akinisimulia mimi. Nami nimekusanya vyungu, ngao na vigoda vya wazee miaka yote ya ualimu wangu, na hadi leo vimo maguniani chini ya kitanda, watalii wake ni panya. Mwanafunzi kanipita. Roho iliniuma, sifichi.

Saa moja asubuhi niliondoka. Rongo nilibadilisha gari, Rodi Kopany nikanywa chai kwa mandazi, na Homa Bay nikapata gari dogo la Magunga. Bonde la Lambwe lilikuwa kijani tupu, mahindi yamefika kiunoni. Siku nyingine ningefurahi. Siku hiyo nilikuwa naomba paa la makumbusho liwe linavuja.

Saa sita nikafika. Paa halikuvuja. Chumba ni kimoja tu, lakini kimepakwa chokaa, kila kitu kina kadi yake ya maelezo, na watoto wa shule walikuwa wamepanga foleni kimya. Mimi darasani kimya kile sikuwahi kukipata.

"Japuonj!" Akinyi akapaza sauti, akiniita mwalimu kwa Kijaluo. "Umekuja kweli! Karibu, karibu."

Alinitembeza mwenyewe, na kila hatua wivu ulizidi. Kisha, kati ya nyavu na ndoana, nikauona oseke, mrija mrefu ambao wazee walinywea pombe wakiwa wamezunguka chungu kimoja. Kadi yake ilisema: "Fimbo ya kuvulia samaki." Akinyi ni binti wa mchungaji, kwao pombe haikuvuka kizingiti. Angejulia wapi? Nilifurahi hadi nikajionea haya.

"Mwalimu, hizi vitu wewe ndiye unazijua," akaniambia. "Wazee walioniazima wanakuja Ijumaa kuangalia. Wakipata nimeandika uongo, watabeba kila kitu warudi nayo nyumbani. Kama kuna mahali nimekosea, niambie tu."

Nilitazama mrija, nikamtazama yeye.

"Hujakosea mahali popote," nikasema.

Alishusha pumzi. Akanipa ugali na samaki, mimi nikala nikashiba, huku nikiwaza wazee watakavyomcheka. Kisha nikaaga.

Saa kumi na moja, nikiwa Rodi Kopany nangoja gari la Rongo, simu ikalia. Akinyi alikuwa amenitumia picha ya kadi mpya, kubwa kuliko zote, aliyoibandika mlangoni: "Maelezo yote yamehakikiwa na Mwalimu Otieno wa Migori." Chini yake ameniandikia: "Sasa hakuna mzee atanibishia. Ero kamano, Japuonj."

Ahsante! Ananishukuru! Nilikaa juu ya gunia la mtu sokoni, jasho likinitoka. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe; nimeifundisha methali hiyo miaka na miaka, nikidhani inawahusu wengine. Gari la Rongo likaja, likajaa, likaondoka bila mimi.

Nilimpigia Akinyi pale pale. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia, na la mrija ndilo lililokuwa jepesi.